Friji Iliyovaa Kitambaa

Friji yangu ya mvinyo ina mlango wa kioo na taa ya buluu ndani. Kwa hayo mawili niliipenda, na hayo mawili ndiyo yaliyoniumbua. Friji ya kawaida hufungwa mlango ikanyamaza na mambo yake. Hii yangu humwonyesha kila kitu kila anayeingia, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Niliona ya aina hiyo kwa mara ya kwanza kule Karen, mtaa wa wenye nazo, kwa mfanyakazi mwenzangu aliyetualika chakula cha mchana. Ilikuwa imepachikwa chini ya kaunta ya jikoni, chupa zimelala kwenye rafu za mbao, na mwenyeji wetu alichomoa moja huku akiendelea kupiga soga, kama mtu anayetoa maziwa ya chai. Wakati huo mimi chupa zangu nilikuwa nikiziweka juu ya kabati karibu na jiko. Nilikuwa nimesikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba, na chumba changu, Kinoo, chini ya mabati, mchana wa Februari, ni cha kuokea mkate. Nilipoonja ule wa Karen, wenye ubaridi wa kiasi tu, nilielewa kwamba miaka yote nilikuwa nikinywa kitu kilichopashwa moto na kukisifu mbele za watu. Nilirudi nyumbani nimeona haya, na mimi nikiona haya huenda dukani.

Katika maduka makubwa ya kule Karen muuzaji aliniuliza kama ninataka ya kanda moja ya baridi au mbili, mvinyo mwekundu kwake na mweupe kwake. Nikajibu kwamba nitafikiria, yaani sikuelewa. Jumamosi iliyofuata nikashuka Ngara, kwenye duka linalouza friji za mtumba kutoka Uingereza, ambako angalau unaweza kuuliza swali la kijinga ukajibiwa kwa utani.

"Sasa madam. Unataka ya soda ama ya nyama?" aliniuliza mwenye duka.

"Ya mvinyo," nikasema kwa sauti ya chini, kwa sababu kando yangu alikuwa amesimama mama mmoja mwenye kilemba cha kanisa akikagua blenda.

Yeye hakushusha sauti. "Aah, ya waini. Hizo ziko. Kuna hii haina kompresa, haipigi kelele, lakini nyumba yako ikipata joto inachoka. Na kuna hii ya kompresa, hii ni kazi tu. Lakini skiza, hii si ya kuingiza kwa kabati. Inapumulia nyuma na kando. Wachia yeye nafasi."

Nilitikisa kichwa kukubali kama ninavyotikisa nikisomewa masharti ya chochote. Alikuwa amekwisha kuichomeka kwenye umeme, taa ya buluu ikawaka, nami nikawa sisikii tena. Nilichagua taa. Ukiniuliza leo ile friji inatumia umeme kiasi gani sijui, lakini rangi ya taa yake ninaweza kukueleza.

Jikoni kwangu hakukuwa na soketi iliyobaki, kwa hiyo ikakaa sebuleni, pembeni mwa televisheni, mahali ambapo macho ya mgeni yeyote hutua kwanza. Nilipanga chupa zangu, nikaweka kipimo kwenye nyuzi kumi na nne, nikaketi kuitazama. Kwa siku chache nilikuwa mtu mwenye furaha sana, na naona haya kukumbuka ni mara ngapi niliwapigia simu marafiki kutafuta sababu ya kuitaja.

Kisha mama akafanyiwa upasuaji wa goti, akahamia kwangu. Kiwanja ni chake. Nyumba yake iko upande wa chini, karibu na vyumba vya wapangaji, na ngazi zake zingemwua. Yangu nilijijengea upande wa juu, karibu na lango. Nilimwingiza kwa mkono, nikamketisha, nikamwekea mguu juu ya stuli. Akavaa miwani, akatazama huku na huku, mwisho akaitazama friji.

"Hii ni ya nini, Mami?" Huniita Mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi.

"Ni ya vinywaji."

Akainama kidogo kusoma karatasi za chupa kupitia kioo. "Ni divai," akasema, kisha akaomba chai.

Hapo nilipaswa kuihamisha. Mama ni mtu wa kanisa, na kanisani kwao wapo akina mama waliovishwa kilemba. Si kila mwanamke huvishwa. Ukiingia katika safu hiyo huingii wewe peke yako, huingia na nyumba yako, na sharti linalojulikana na kila mtu ni kwamba pombe isiwe chini ya paa lako. Wenzake wote wa rika lake walivishwa zamani. Yeye alikataliwa wakati baba yangu alipokuwa hai, kwa sababu baba alikunywa, na baada ya hapo akaacha hata kuulizia. Jumapili baada ya Jumapili aliketi nyuma na wasichana na wanawake wapya, akiimba kuliko wote, kichwani amevaa kitambaa chochote alichookota nyumbani. Miaka kadhaa baada ya baba kuzikwa, chama cha akina mama kikalirudisha jina lake. Mwaka huu likapita. Kilichobaki ni wakuu kuja kumtembelea nyumbani, wanywe chai, waombe, waulize maswali machache. Na nyumbani alipokuwa akiishi mama wakati huo ni kwangu.

Nilimwambia nitazitoa chupa nizipeleke kwa rafiki.

"Acha," akasema. "Nitaifunika."

Mtu asiyemjua mama angedhani ni mzaha. Kwa mama hakuna kitu kilichowahi kukaa uchi. Migongo ya viti ina vitambaa, stuli zina vitambaa, redio ina chake, televisheni ina chake, hata birika la chai la plastiki lina kijisketi. Alivifuma vyote mwenyewe. Akaagiza uzi mweupe, akaipima friji kwa shubiri kama fundi anayempima mtoto sare ya shule, akaanza kufuma huku mguu ukiwa juu ya stuli. Kilitoka kizuri mno. Kilifika mpaka sakafuni pande zote, na ukingoni alikizungushia mapambo ya uzi yenye umbo la mananasi. Juu yake akaweka maua ya plastiki na picha ya baba yenye fremu, ile iliyobebwa mbele ya jeneza. Niliitazama picha ya baba yangu ikiwa imesimama juu ya chupa zangu, nikaona kichekesho ambacho mama hakukiona.

Nilimsifu. Nilipata nafuu, ndiyo ukweli wenyewe. Na chupa sikuzitoa, kwa sababu yule mwenzangu wa Karen aliwahi kuniambia mvinyo mzuri haupendi kutikiswatikiswa. Mama yangu alikuwa akingojea kitu alichokitamani nusu ya maisha yake, nami nilikuwa nikiuhurumia mvinyo usitikiswe. Naandika hivyo na uso unaniwaka.

Wageni walikuja Jumamosi alasiri. Alikuwapo mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye koti la kijivu; mwenyekiti wa akina mama; na mama mmoja mnene, mchangamfu, mzaliwa wa Machakos aliyeolewa hapa Kinoo. Kikuyu si lugha yake, kwa hiyo kwa heshima yake tuliongea Kiswahili. Ili viti vitoshe nilikuwa nimeisukuma friji mpaka pembeni kabisa, mgongo ukagusa ukuta, na yule mama wa Machakos akaketi jirani yake.

Mambo yalienda vizuri. Tuliimba, tukasoma Neno, nikapitisha chai na mandazi. Mwenyekiti alimwuliza mama juu ya sala na juu ya wapangaji wake, mama akajibu vizuri, mkono mmoja umeshika kikombe. Nilikuwa nikimwangalia uso. Sikuwahi kumwona na uso ule, wa msichana anayesubiri kuitwa jina lake.

Friji ikaanza kuguna. Mwanzoni ilikuwa mngurumo tu chini ya mananasi, na mimi nikaanzisha wimbo ambao hakuna aliyeuomba. Wakaitikia kwa adabu. Tulipomaliza ubeti wa pili ikapiga kelele yenyewe, kengele ile kali ya mashine iliyozidiwa na joto. Ikanyamaza, ikapiga tena.

"Hiyo ni simu ya nani?" mzee akauliza.

Wote wakafungua mikoba. Hata mimi niliitoa simu yangu nikaitazama.

"Inatoka hapa," akasema mama wa Machakos, akiweka kiganja juu ya kitambaa. "Na hii kitu ni moto hivi. Ni nini?"

"Ni friji ya dawa," nikasema. Sijui ilitoka wapi. "Ni ya mama. Ana sukari."

Macho yote yakamgeukia mama, ambaye wakati huohuo alikuwa akikoroga kijiko cha tatu cha sukari katika chai yake. Mkono ukasimama.

"Woi, pole sana," akasema mama wa Machakos, na alimaanisha. "Na vile mzee wangu anaumia na hiyo insulini. Kwa friji yetu inaganda kila siku. Wacha nione hii yenu, nijue ya kununua."

Aliinuka kabla sijapata neno. Akaichukua picha ya baba kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akampa mzee wa kanisa aishike. Akaweka maua chini. Kisha akashika kitambaa kwenye mananasi akakiinua.

Taa ya buluu ikatumulika sote. Chupa zilikuwa zimelala kwa mpangilio mzuri, shingo kwetu. Sasa kengele ilisikika vizuri zaidi, kwa sababu hakuna kilichoizuia. Mama wa Machakos alibaki ameshika ule ukingo, hajui auachie au aendelee kuushika. Nilitamani sana awe na hasira nami, lakini alionekana kuona haya kwa niaba yangu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama akaweka kikombe mezani. "Sina sukari," akasema. "Hiyo si dawa. Ni divai."

Mwenyekiti alitazama chini. Aliyesema ni mzee, na alisema kwa upole, picha ya baba ikiwa mapajani mwake. "Mama, hebu tuelewane. Hii nyumba ni ya huyu msichana, si ndiyo? Wewe uko hapa juu ya goti tu. Ukipona unarudi kwako. Kwa hivyo hiyo kitu si yako. Hiyo ni yake."

Alikuwa amemfungulia njia, na kila mtu mle ndani aliiona. Nami nikaikimbilia. "Ni yangu," nikasema. "Ni yangu peke yangu. Mama hana habari nayo."

"Niko na habari nayo," mama akasema. "Hiyo kitambaa nimeshona na mikono yangu. Nilishona nikijua nafunika nini." Akamgeukia mzee. "Huyu ni mtoto wangu, na hapa ni kwetu. Usiseme ni yake. Sema ni yetu."

"Dada," mwenyekiti akasema taratibu, "unajua vile itakuwa."

"Najua."

Mzee alitafuta mahali pa kuiweka picha, akakosa, akaomba akiwa ameishika. Yalikuwa maombi mafupi. Baada ya amina walimalizia mandazi, kwa sababu kuondoka na kuacha chakula kwenye sahani kungeonekana ugomvi, na hakuna aliyetaka ugomvi. Nilichomoa waya wa umeme. Katika ukimya ule nilisikia kila mtu akitafuna.

Baada ya kuwasindikiza hadi langoni nilirudi jikoni nikaanza kuosha vikombe kwa vurugu. Mama alikuja akiegemea mkongojo wake, akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Mimi aibu ikinijaa hutoka kama hasira. Ndivyo nilivyo, na ni tabia mbaya.

"Kwa nini hukusema ndiyo?" nilimwuliza kwa Kikuyu, lugha tunayoitumia kugombana. "Alikupa njia. Ilikuwa kusema ndiyo tu, ungevishwa. Nani angekulaumu? Ni kweli si yako."

Alichukua taulo, akaanza kukausha vile vikombe nilivyokuwa nikivirusha.

"Walikuja hivihivi wakati wa baba yako," akasema. "Wewe ulikuwa shule ya bweni. Wakaniuliza juu ya chupa zilizokuwa nyuma ya mlango. Nikawaambia ni za huyo mwanamume, mimi sizijui. Nikasema mimi na watoto tuko upande mmoja na yeye yuko upande wake." Akaweka kikombe, akachukua kingine. "Nilidhani ametoka. Alikuwa chumbani. Ile nyumba yetu ya zamani, unaikumbuka, mlango wa chumbani ulikuwa pazia tu."

Nilifunga maji.

"Hakuniuliza kitu. Lakini kuanzia siku hiyo hakula tena mezani. Alikuwa anachukua sahani yake anaenda kukaa kule nje kwenye jiko la kuni. Mpaka akafa. Na kilemba hawakunipa."

Nilikumbuka. Sote tuliorudi likizo tulimkuta baba akila kule nje, na sisi watoto tulicheka, tukisema anakimbia maombi ya chakula. Mimi nilicheka kuliko wote. Niliwahi hata kuwasimulia watu ofisini kama kisa cha kuchekesha.

"Sisemi hivyo mara ya pili," mama akasema. "Kwa mtu mwingine wa kwangu, sisemi."

Nilitaka kumwomba msamaha lakini sikujua nianze na kipi, friji, uongo wa sukari, au kicheko cha utotoni. Nilisema nitaiuza Jumatatu. Akasema niiuze nikitaka kuiuza, lakini nisimtaje yeye katika biashara hiyo. Mpaka leo iko palepale. Nimeivuta mbali na ukuta na haina nguo, na chupa nimeziacha zipungue bila kuongeza. Kuna siku naiwasha, kuna siku siwezi kuitazama.

Jumapili ya kuvishwa ilipofika nilidhani mama atabaki nyumbani akisingizia goti. Aliamka mapema, akapiga nguo pasi, akaniambia nitoe gari. Kanisani kila mtu alijua. Nilijua kwamba wanajua kwa jinsi walivyotusalimia, kwa uchangamfu uliozidi kidogo. Tulikaa nyuma, mahali pake pa siku zote. Nilitamani sakafu ifunguke, naye alikuwa akitafuta ukurasa wa wimbo.

Wanaovishwa waliitwa mbele wakasimama mstari mmoja, vilemba vyeupe vimekunjwa mikononi. Desturi ni kwamba mtu wa nyumbani kwako ndiye hukufunga kilemba, binti au dada au mkaza mwana, ili ionekane kwamba nyumba nzima imekubali. Mwenyekiti akawaita watu wa nyumbani. Viti vikasogezwa, mabinti wakapanda na simu zao za kupigia picha, vigelegele vikaanza. Mwishoni mwa mstari alibaki mama mmoja mfupi, mzee kuliko wenzake. Hakuna aliyekwenda kwake. Alikishikilia kilemba chake kifuani akitazama mlango mkuu, kisha akaacha kutazama.

Mama alinigusa kwa kiwiko. "Mami, nenda umfunge yule."

"Mimi?" nilinong'ona. "Mama, mimi siwezi kwenda pale. Unajua wananionaje?"

"Nenda. Amesimama peke yake."

Nilikwenda. Ile njia ya katikati ya kanisa sijawahi kuiona ndefu vile, na nyuso zote zilinigeukia mimi, yule mwenye friji, nikijua hasa wanachowaza kwa sababu nami nilikuwa nikikiwaza. Mama wa Machakos alikuwa amesimama na wale waliovishwa zamani, akanisogezea nafasi. Nilipokea kilemba kutoka kwa yule bibi, nikakifunga, kikalegea, nikakifungua nikaanza upya. Yeye alisubiri ameinamisha kichwa, mtulivu, harufu ya mafuta ya nazi ikitoka kwenye nywele zake za mvi. Hii ndiyo kazi ambayo ningemfanyia mama yangu siku ile.

Kilipokaa sawa alikigusa kwa vidole, akaniangalia vizuri.

"Asante sana," akasema. "Sikujui. Wewe ni wa nani?"

Niligeuka. Kule nyuma kabisa mama alikuwa amesimama kwa mguu wake mmoja mzima, akiwapigia wenzake makofi. Nikanyoosha mkono mbele ya kanisa lote, nikamwonyesha.

"Mimi ni wa yule," nikasema.